Msaidizi wa ustawi wa jamii katika nyumba ya upataji nafuu: kazi yake hasa ni ipi?

SWALI: Nimemaliza stashahada ya ustawi wa jamii na nimepata kazi ya msaidizi katika nyumba ya upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya, hapa Tanga. Naanza tarehe moja. Nilipouliza majukumu yangu niliambiwa "utajifunzia humohumo". Naomba kujua: kazi yangu hasa itakuwa ipi, inaishia wapi, na nifanye nini mteja akisema anataka kuondoka ilhali familia imeshalipia?

JIBU: Hongera, mdogo wangu. Mengi utayajifunzia humohumo kweli, lakini yapo mambo ambayo ukiyajua kwa kuchelewa, anayeumia ni mteja. Hayo ndiyo nitakayokaa nayo.

Tuanze na mipaka, maana ni fupi. Mnasihi ndiye mwenye vikao. Tabibu au muuguzi ndiye mwenye dawa. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayefanya tathmini rasmi, kupanga mpango wa huduma na kushughulika na mahakama au halmashauri. Wewe ndiye unayekaa na mteja saa nyingi kuliko wote hao: unampokea, unakagua mzigo wake, unahesabu watu usiku, unamsindikiza hospitali, unapigia simu familia, unafuatilia vitambulisho, unaandika. Hutakiwi kupandisha wala kushusha dozi ya mtu, hata akikulilia. Na mteja akianza kukufungulia usiku yaliyompata utotoni, msikilize, mshukuru kwa kukuamini, kisha umpeleke kwa mnasihi asubuhi. Jeraha la namna hiyo halifumuliwi saa 7 usiku na mtu ambaye zamu yake inaisha alfajiri.

Sasa jambo kubwa. Katika nyumba hizi maisha ya watu yanakuwa hatarini zaidi katika nyakati mbili: siku chache baada ya kuingia na siku chache baada ya kutoka. Katikati pana kazi nyingi, ila hizo ndizo nyakati ambazo jicho lako linaweza kuokoa mtu.

Anapoingia

Wengi huletwa na ndugu, wengine kwa kudanganywa kuwa wanapelekwa kwa mjomba. Mpe kiti, mpe maji, mwambie jina lako na hapo ni wapi. Fomu zitafuata. Kisha omba kuzungumza naye peke yake, ndugu wakae nje. Muulize mambo matatu: umetumia nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Ndugu watakuambia "anavuta unga", na watakuwa wamesema kweli, lakini mara nyingi hawajui kwamba pia anakunywa gongo kila siku au anameza valiamu apate usingizi. Na hapo ndipo penye hatari.

Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, inatesa sana, ila kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra iue yenyewe. Huanza kati ya saa 8 na 24 tangu kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kati ya siku ya tano na ya kumi, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi kwa wiki kadhaa. Utaona machozi, kamasi, miayo isiyokwisha, jasho, vinyweleo kusimama, maumivu ya mgongo na miguu, kutapika na kuharisha. Kinachoweza kuua humo ni kuishiwa maji mwilini. Pakiti za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) ziwepo wakati wote; zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe bila mlima juu. Anywe kidogokidogo, na kikombe kizima kila baada ya kuharisha. Asiyebakiza hata maji tumboni, au ambaye hajakojoa tangu asubuhi hadi jioni, ni wa hospitali.

Pombe ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu, akikatishwa ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kupandwa na homa na mapigo ya moyo kwenda mbio. Hiyo inaua. Aliyezoea vidonge vya usingizi naye anaweza kupata kifafa, wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Watu hawa wawili hawafai kukatiwa kilevi kwenye chumba cha nyumba isiyo na daktari. Ukisikia "nakunywa kila siku, asubuhi nisipopata mikono inatetemeka", mjulishe msimamizi hapohapo na mteja apelekwe hospitali kwanza. Hata ndugu wakinung'unika kuhusu nauli, simama hapo.

Mwingine wa kupelekwa hospitali kwanza ni mjamzito anayetumia heroini. Kumkatisha ghafla kunaweza kuhatarisha mimba. Anachostahili ni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, pamoja na kliniki ya wajawazito. Na mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: asilazwe bweni moja na watu wazima, na afisa ustawi wa halmashauri lazima ajue yupo.

Maswali ya kifua kikuu usiyaruke, kwa sababu bweni lenye vitanda vya ghorofa na madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa watu kutoroka ndiyo nyumba anayoipenda bakteria wa ugonjwa huo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: likijibiwa ndiyo hata moja, apimwe makohozi kabla hajapewa kitanda katikati ya wenzake. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka.

Muulize pia kwa faragha kama ana dawa za kila siku. Wapo wanaoficha kadi ya CTC, yaani kliniki ya VVU, kwa aibu na kuacha ARV, dawa za kufubaza VVU, siku wanayoingia. Mwambie waziwazi kwamba dawa zitatunzwa, zitatolewa kwa saa yake, na wenzake hawatajua.

Methadoni na ugomvi wake

Tanzania imekuwa na tiba ya methadoni katika hospitali za umma tangu Februari 2011, ilipoanza Muhimbili, na hapo Tanga mna kliniki Bombo. Nyumba nyingi za upataji nafuu zimejengwa juu ya hatua 12, mwongozo wa vikundi vya waraibu wanaosaidiana, na imani ya kuacha kila kitu, kwa hiyo utasikia ikisemwa kwamba anayekunywa methadoni "bado anatumia". Kauli hiyo imewarudisha wengi maskani, kwenye vijiwe vya dawa. Methadoni ni dawa inayotolewa na kliniki kwa dozi iliyopimwa, na mteja huinywa mbele ya mhudumu. Nyumba yako inaweza kuamua haipokei watu wa methadoni. Basi na iseme hivyo mlangoni na kumwelekeza mtu kwingine. Kumpokea kisha kumshinikiza aiache ni kosa. Na aliyekosa dozi siku 3 mfululizo asirudishiwe kiasi kilekile bila kliniki kumwona, kwa sababu mwili umeshaanza kuisahau.

Kuna jambo moja hapa ambalo wasaidizi wengi hawaambiwi. Mteja wa methadoni ametulia miezi, kisha anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Baada ya wiki moja hivi anaanza kulalamika: mifupa inauma, hapati usingizi, anatoka jasho, dozi haimshiki. Wenzake wanamcheka kwamba anatafuta sababu ya kuongezewa. Hadanganyi. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu hulifanya ini liivunje methadoni haraka, kwa hiyo kiasi kilekile alichozoea hakimfikishi kesho. Baadhi ya ARV hufanya hivyohivyo. Kazi yako ni kuandika malalamiko yake na saa yanapomjia, kumpeleka kliniki ya methadoni akiwa na kadi zote mbili, na kuhakikisha hajaacha dawa yoyote kati ya hizo kwa hasira. Pia weka alama kwenye faili: siku atakapomaliza dawa za kifua kikuu, kliniki ya methadoni ijulishwe, kwa sababu dozi iliyopandishwa sasa inaweza kumzidi.

Kalamu

Unachoandika ndicho kitakachosomwa na tabibu, na wakati mwingine na polisi. Tazama sentensi hii iliyomo kwenye madaftari mengi: "Mteja leo alikuwa mkorofi, hakutaka darasa." Tabibu atafanya nini nayo? Linganisha na hii: "Saa 4:20 asubuhi alikataa kuingia darasani. Alisema, 'Siwezi kukaa, mgongo unaniuma.' Anatoka jasho, anapiga miayo, mboni za macho ni pana. Nimemjulisha muuguzi saa 4:30. Amepewa ORS. Saa 5:10 aliingia darasani mwenyewe." Hii ya pili inaonyesha mtu yuko kwenye arosto na nani alijulishwa. Andika ulichoona, ulichosikia kwa maneno yake mwenyewe, ulichofanya, na kilichofuata. Maoni yako yakihitajika, yaanze na "nadhani".

Na saa! Humu ndani wewe utaandika saa 4:20, hospitali itaandika 10:20, na kijana wa zamu ya usiku atachanganya zote mbili kwenye ukurasa mmoja. "Dawa imetolewa saa 2" ni asubuhi, usiku, au ni saa 2 za Kizungu, yaani saa 8 mchana? Dozi zimewahi kutolewa mara mbili kwa mkanganyiko wa aina hii. Zungumza na msimamizi mchague mtindo mmoja kwa daftari la dawa, na kama ni saa za Kiswahili, neno asubuhi, mchana, jioni au usiku lisikose hata siku moja.

Dawa zikae kabati lenye kufuli, kila mteja na bahasha yake, vidonge vihesabiwe mwanzo na mwisho wa zamu mbele ya watu wawili. Mtazame akimeza na kunywa maji, kisha mzungumze kidogo. Anayezungumza hawezi kuficha kidonge chini ya ulimi kwa urahisi. Makabidhiano ya zamu yafanyike ana kwa ana: nani mgeni na yuko siku ya ngapi, nani anaumwa, nani amepata habari mbaya kutoka nyumbani, nani amekosa dawa.

Usiku usihesabu vitanda kwa tochi ukiwa mlangoni. Sogea uone kifua kinapanda na kushuka, hasa kwa waliomo ndani ya siku 5 za kwanza. Na kumbuka macho: mtu wa arosto mboni zake huwa pana. Ukimkuta mteja wa siku ya tatu, aliyekuwa akigaragara mchana, sasa ametulia, anasinzia akiwa ameketi na mboni zimekuwa kama tundu la sindano, usifurahi kwamba amepata nafuu mapema. Kuna kete imeingia ndani. Mweke karibu, usimwache alale peke yake, mwite msimamizi.

Asipoamka ukimwita na kumfinya, akipumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, midomo na kucha zikigeuka rangi ya kijivu, amezidiwa na dawa. Ita msaada na usafiri wa hospitali, hakikisha kooni hamna kitu, mlaze ubavu. Akiacha kupumua mpulizie pumzi. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa. Hayo hupoteza dakika na yanaweza kumpalia. Hospitali kuna sindano ya naloksoni, inayozima athari ya heroini, na nguvu yake huisha kabla heroini au methadoni haijaisha mwilini, kwa hiyo aliyezinduka abaki chini ya uangalizi hata akisema yuko sawa.

Kuhusu ukaguzi wa mizigo: watu wawili, wa jinsia ya mteja, yeye mwenyewe akiwepo. Tazama soli za viatu, pindo za suruali, tyubu ya dawa ya meno, mche wa sabuni uliokatwa na kuunganishwa, na chupa za manukato zenye spiriti. Chakula cha wageni pia. Fedha na simu viandikwe kwenye fomu, yeye asaini, apewe nakala. Ugomvi wa simu iliyopotea umevunja imani nyingi kuliko adhabu yoyote.

Usimkopeshe mteja fedha, usimpelekee ujumbe maskani, usimpe namba yako binafsi. Picha za wateja zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata za siku ya usafi: taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na za VVU zina sheria yake ya mwaka 2008. Kumfunga mtu kamba, kumchapa au kumnyima chakula si sehemu ya tiba, na ukiyaona yanafanyika uyaandike na kuyapeleka kwa afisa ustawi wa halmashauri. Mteja akipandwa na hasira, asemeshwe na mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, umbali wa mikono miwili, na usizibe mlango. Akidokeza kwamba hataki kuishi, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kwenda msalani hadi mwenye utaalamu afike.

Anapotaka kutoka

Hili ndilo ulilouliza, nami nalipa uzito kuliko yote.

"Naomba kutoka" husikika sana kati ya siku ya tatu na ya tano, maumivu yakiwa kileleni, kisha tena baada ya mwezi mmoja hivi, mwili ukirudi na mtu akijiona amepona. Ya kwanza mara nyingi ni sauti ya maumivu. Mketishe. Muulize amelala lini, amekula nini, anaumwa wapi. Mpe ORS, mwambie leo ni siku ya ngapi na kwa kawaida inapungua lini. Mwombe asubiri kitu kimoja kidogo: chakula cha mchana, au azungumze na mnasihi, au alale hadi asubuhi. Wengi hubaki kwa njia hiyo, bila kufuli. Ya mwezi mmoja inataka mazungumzo mengine: kuna nini nje? Mara nyingi ni mtoto anayeumwa, mke aliyehama, deni, au sikukuu inayokaribia, na hayo wewe unaweza kuyafuatilia kwa simu.

Akisisitiza, na ni mtu mzima mwenye akili timamu aliyeingia kwa hiari, mlango unafunguliwa. Ada iliyolipwa na kaka yake haimpi mtu mamlaka ya kumfungia. Jambo hili lielezwe kwa familia siku ya kumpokea, mbele ya mteja, na liandikwe kwenye mkataba, ili siku hiyo usibishane nalo getini.

Kisha fanya lile linalookoa maisha. Mtazame usoni umwambie: "Mwili wako umesahau. Kiasi ulichokuwa ukitumia kabla hujaja hapa kinaweza kukuua leo." Ustahimilivu wa mwili hushuka ndani ya siku chache tu za kuacha, ila mkono unakumbuka kipimo cha zamani. Ndiyo maana hatari ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ni kubwa mno wiki mbili za kwanza baada ya kutoka nyumba ya nafuu, gerezani au hospitali. Mwambie asitumie akiwa peke yake, asichanganye na pombe wala vidonge, na kama mguu utateleza asirudie kipimo kile. Wapo watakaokuambia kwamba kusema hivi ni kumruhusu. Aliyeonywa na akaanguka anaweza kurudi kwako wiki ijayo. Aliyenyamaziwa huenda asirudi tena.

Mrudishie mali zake kwa ile fomu, mpe ARV na dawa zake nyingine za kutosha hadi kliniki, mwandikie jina la kliniki na siku, mpigie ndugu aliyemkubali yeye mwenyewe kwa maandishi, na mwambie anaweza kurudi. Andika yote na saa. Siku ya tatu mpigie simu. Anayemaliza miezi yake vizuri naye afanyiwe onyo hilohilo, kwa maneno yaleyale, hata kama jana yake alipigiwa makofi.

Kwa anayemaliza, mipango ya kutoka ianze mwezi mmoja kabla, kwa sababu makaratasi ya Kitanzania yana mwendo wake. Wengi hawana kitambulisho cha NIDA, na bila hicho hata laini ya simu ni tabu. Anza na cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, kisha fomu ya NIDA. Asiye na bima wala fedha za matibabu, afisa ustawi wa hospitali ya umma ndiye wa kuonwa kuhusu msamaha. Na familia iulizwe swali moja la wazi: atalala wapi usiku wa kwanza, na chumba hicho kiko umbali gani na kijiwe chake cha zamani? Wakikuuliza kama amepona, waambie amepata nafuu, na nafuu hutunzwa kila siku kama anavyotunza dawa mgonjwa wa sukari. Waambie pia wasimkabidhi fedha nyingi wiki ya kwanza, wala wasimpekue mifuko kila akirudi sokoni.

Kabla ya tarehe moja, omba kwa maandishi majibu ya haya: ni nani tabibu wa nyumba na anapigiwa simu namba gani usiku, gari la dharura ni lipi, ufunguo wa kabati la dawa unashikwa na nani, na sindano au wembe ukiokotwa bwenini unatupwa wapi. Boksi gumu la vitu vyenye ncha liwepo. Sindano haifunikwi tena kwa kifuniko chake wala haiokotwi kwa vidole vitupu. Ukichomwa, osha kwa maji tiririka na sabuni bila kukamua, uende hospitali saa hiyohiyo: dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema kadiri iwezekanavyo na zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi 3, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza. Kama hujachanjwa, nenda wiki hii ukapime na kuchoma ya kwanza, usisubiri mshahara.